MIGUU INAYORUKA USIKU, NA MASHINI YA PUMZI

Maneno haya ni kwa mtu anayekoroma sana usiku, na kwa yule anayelala kando yake. Zaidi ni kwa mtu aliyekwisha kupewa mashini ya pumzi, anayeivaa kila usiku kama alivyoagizwa, na hata hivi anaamka asubuhi amechoka kama mtu aliyelima usiku kucha. Watu wenye mashini hii si wengi kwetu. Bei yake ni kali, nayo inataka umeme usiokatika. Wengine wameletewa na watoto wao walio Ulaya. Lakini wewe usiye na mashini, usifunge kitabu. Habari ya miguu inayoruka usiku ni habari yako vilevile, na msaada wake mara nyingi hautoki mbali.

Kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe. Mtu akilala, nyama za koo zinalegea. Kwa wengi njia ya pumzi inabaki wazi. Kwa wengine inafungwa kabisa, au inabaki nyembamba kama bua. Kifua kinavuta, tumbo linapanda na kushuka, lakini pumzi haipiti. Kimya kinaingia. Sekunde 10 zinapita, 20, mara nyingine hata dakika nzima. Damu inapungukiwa na hewa safi. Ndipo ubongo unashtuka, unamwamsha mtu kidogo, koo linafunguka kwa mkoromo mkubwa, na mtu analala tena bila kujua kwamba aliamka. Kiisha mambo yanaanza upya. Waganga wa hospitali wanahesabu jambo hili linatokea mara ngapi kwa saa moja. Likifika mara 5 si kawaida tena; likifika mara 30 ugonjwa ni mkali. Fikiri juu ya mtu anayeamshwa mara 30 kila saa, usiku wote, miaka yote. Si ajabu akisinzia kanisani, wala kosa si la mhubiri kila mara.

Ugonjwa huu unafuatana na presha ya damu iliyo juu, unachosha moyo, na shofere anayeugua huweza kufunga macho akiwa ameshika usukani. Kwa hiyo si jambo la kuchekwa. Katika mwaka 1981 mganga mmoja wa Sydney, katika nchi ya Australia, jina lake Colin Sullivan, alitangaza pamoja na wenzake ginsi walivyowasaidia wagonjwa kwa mashini inayosukuma hewa puani. Hewa hii si oksijeni ya chupa. Ni hewa ileile ya chumba, lakini inaingia kwa nguvu kidogo, nayo inaweka koo wazi kama upepo unavyojaza mfuko. Ni msaada mkubwa. Watu wengi walioanza kuitumia wanasema kwamba walikuwa wamesahau usingizi ni kitu gani.

Lakini si wote wanaosema hivi.

Tuseme baba mmoja amepewa mashini. Usiku wa kwanza bibi yake anafurahi, maana nyumba imenyamaza. Baada ya majuma mawili anasema, «Baba Furaha, mkoromo umekwisha kweli, lakini unanipiga mateke.» Bwana anakataa, «Mimi? Nililala kama jiwe.» Wote wawili wanasema kweli. Bwana hakusikia kitu. Na bibi ana alama kwenye mguu.

Mateke haya si ukali, wala si ndoto ya vita. Angalia vizuri wakati yanapokuja, na utaona yana utaratibu wake. Kidole kikubwa cha mguu kinainuka. Mguu unakunjika penye kifundo. Mara nyingine goti linapanda, hata nyonga. Inakaa hivi nusu ya sekunde, au sekunde chache, lakini haipiti sekunde 10. Kisha kimya. Baada ya sekunde 20 au 30 jambo lilelile linarudi. Linarudi tena, na tena, kama mtu anayepiga ngoma polepole bila kuchoka. Mara nyingi linakuja zaidi katika sehemu ya kwanza ya usiku. Kwa watu wengine mikono pia inaruka, lakini miguu ndiyo inayozidi.

Usichanganye jambo hili na mengine. Kushtuka mara moja tu wakati usingizi unapoanza, kama mtu anayeanguka shimoni, ni jambo la watu wote, wala halina ubaya. Mshipa wa mguu unaokaza kwa maumivu makali mpaka mtu apige kelele ni jambo jingine. Kifafa ni jingine kabisa: mwili wote unakakamaa na kutikisika, ulimi huumwa, mkojo hutoka, na mtu akiamka akili yake imevurugika kwa muda. Kuna na wazee wanaopiga ngumi na kusema kwa sauti kubwa kwa sababu wanatenda yale wanayoota. Hawa wapelekwe kwa mganga bila kukawia, maana kwa wengine ni dalili ya mbele ya ugonjwa wa kutetemeka unaoitwa Parkinson. Lakini ujue kwamba koo linalofunga linaweza pia kumfanya mtu apige ngumi na kulia usiku, na mambo haya yakatulia alipopata mashini.

Mwingereza mmoja, Charles Symonds, mganga wa ubongo na mishipa ya fahamu, aliandika habari ya miguu hii katika mwaka 1953. Yeye aliwaza kwamba huenda ni jamaa ya kifafa. Halafu, katika miaka ya 1960, Elio Lugaresi na wenzake wa Bologna, katika Italia, walipima watu waliolala kwa nyaya ndogo, wakaona kwamba jambo hili lina mwendo wake lenyewe. Siku hizi kuna kanuni ya kuhesabu. Miguu iruke mara nne au zaidi kwa kufuatana, na kati ya moja na nyingine zipite sekunde 5 mpaka 90. Mtu mzima akipita mara 15 kwa saa moja, wanasema ni nyingi. Kwa mtoto, kupita mara 5 kunatosha.

Sasa kwa nini mtu anayetumia mashini ya pumzi aonekane na miguu ya namna hii? Hapa ndipo wengi wanakosea, na nataka twende polepole.

Njia ya kwanza ni hii. Mtu ambaye koo lake linafunga anapigania pumzi, na mwisho wa kupigana mwili wote unaruka, na miguu pia. Mateke haya ni mtoto wa koo. Mashini ikifungua koo, mateke nayo yanakwisha. Kwa sababu hiyo waganga wanaopima usingizi hawayahesabu mateke yanayokuja pamoja na pumzi iliyozibwa. Wanasema, tusubiri kwanza, tufungue koo, kisha tuone kitakachobaki.

Njia ya pili: mateke yalikuwapo tangu zamani, lakini yalifichwa. Usingizi wa mgonjwa ulikuwa umekatwakatwa vibaya mno hata miguu haikupata nafasi ya kushika mwendo wake. Sasa koo limefunguka, usingizi umekuwa mrefu, na ngoma ya miguu inasikika. Ni kama kijiji chenye mashini ya kusaga inayonguruma. Ikizimwa ndipo unasikia kwamba mtoto wa jirani analia. Mashini ya kusaga haikumliza mtoto. Ndivyo mashini ya pumzi haikuleta miguu.

Njia ya tatu ni ya kawaida zaidi kuliko watu wanavyofikiri, nayo inasahauliwa. Mashini haijakaa sawa. Nguvu ya hewa ni ndogo, au kifuniko cha pua kinavuja pembeni, au mtu analala kinywa wazi. Koo halifungi kabisa, lakini linabaki jembamba, na mwili unaendelea kupigana kidogokidogo. Miguu inaruka. Mtu wa namna hii hahitaji dawa ya miguu hata kidogo. Anahitaji mtu wa kukaza kamba.

Hivi sasa nataka kusema wazi mawazo yangu. Naona watu wanafanya mambo mawili yasiyofaa, na mambo haya mawili yanaelekea pande mbalimbali.

La kwanza, mtu anasema, «Mashini hii imeniletea ugonjwa wa miguu,» au, «Bado nimechoka, basi haina kazi.» Anaifunga katika karatasi na kuiweka chini ya kitanda. Majirani wanakubali upesi, maana walishaona ni kitu cha ajabu mtu kulala na mfereji puani. Wengine wananong'ona kwamba mtu huyu amelogwa, ndiyo maana anarusha miguu usiku. Angalia kinachofuata. Koo linarudi kufunga. Presha inapanda. Na mateke hayakuondoka, yamefichwa tu tena chini ya mkoromo. Alikuwa na taabu mbili, moja imetulizwa. Sasa ameziita zote mbili zirudi. Nasema, hata miguu ikiruka mara 50 kwa saa, mashini isitupwe. Koo linaua. Miguu yenyewe haijaziba pumzi ya mtu.

La pili ni la waganga na wauza dawa zaidi kuliko wagonjwa. Mtu amepimwa, karatasi imeonyesha hesabu kubwa ya miguu, na palepale anapewa kidonge. Mimi sikubali. Hesabu si ugonjwa. Watu wengi, na wazee zaidi, miguu yao inaruka usiku nao wanaamka salama, wanalima, wanacheka, hawana neno. Watafiti waliopima wenye mashini hawakuona kila mara kwamba mwenye miguu mingi ndiye mwenye kusinzia zaidi mchana. Basi kama mgonjwa anaamka vizuri, na bibi yake anapata usingizi, tuiache miguu icheze. Tumtibu mtu, tusitibu karatasi.

Tena kuna hatari kubwa hapa, na ningependa kila mwuguzi aijue. Dawa nyingi za kutuliza miguu ni dawa zinazolegeza mwili. Diazepamu na klonazepamu zinalegeza nyama za koo na kupunguza mwamko wa ubongo. Gabapentini na pregabalini, ambazo waganga wengi sasa wanazipendelea kwa miguu isiyotulia, zinaweza kupunguza pumzi kwa mtu ambaye pumzi yake tayari ina shida. Dawa za jamaa ya afyuni, na tramadoli ni mmoja wao, zinapunguza pumzi pia. Unaona? Mtu anatafuta kutuliza mguu, na anafunga koo. Kama mgonjwa anavaa mashini yake kila usiku na mganga anamfuata, dawa hizi zinaweza kutumiwa kwa uangalifu. Lakini mtu aliyeacha mashini, ambaye anameza vidonge hivi vya kununua sokoni, na anaongeza pombe au kasiksi juu yake, anacheza na kaburi.

Kulikuwa na dawa nyingine zilizosifiwa sana kwa miguu: levodopa, pramipeksoli, ropiniroli. Zinafanya kazi mwanzoni, hata ajabu. Lakini baada ya miezi au miaka, kwa wengi taabu inarudi kwa nguvu zaidi, inaanza mapema mchana, inapanda mpaka mikononi. Tena wengine wanashikwa na tamaa ya kamari au ya kununua vitu bila kiasi. Katika mwaka 2025 chama cha waganga wa usingizi cha Amerika kilishauri kwamba dawa hizi zisiwe tena za kawaida kwa ugonjwa wa miguu isiyotulia. Nazitaja ili mtu anayeletewa vidonge hivi kutoka ng'ambo asivimeze kwa furaha bila kuuliza.

Basi tufanye nini? Mimi naanza na bibi.

Ni jambo la kushangaza kwamba katika vituo vyetu vya afya tunamwuliza mgonjwa habari ya usiku wake, yeye ambaye alikuwa amelala, na shahidi tunamwacha nje ya mlango akishika mtoto. Aitwe ndani. Kama mgonjwa ni mama, bwana yake aitwe. Kama ni mjane, aulizwe mtoto au mjukuu anayelala chumba kimoja naye. Aulizwe hivi: Mkoromo umekwisha, au unarudi usiku wa manane? Mashini inavaliwa mpaka asubuhi, au inavuliwa saa nane ya usiku? Miguu inaruka mara moja moja, au kwa kufuatana? Ni mguu tu, au mwili wote? Mtu anasema maneno? Kuna sauti ya hewa inayovuja? Majibu haya hayahitaji umeme wala labo. Na kama nyumbani kuna simu yenye picha, mtu apige picha inayotembea kwa dakika tano wakati mateke yanakuja. Mganga akiona, atajua mambo mengi kuliko kwa maelezo ya saa nzima. Nimesikia watu wakisema ni aibu kuleta mambo ya kitanda mbele ya mwuguzi. Hapana, mguu ni mguu tu.

Ujue pia kwamba mashini yenyewe haioni miguu. Mashini nyingi za siku hizi zinaandika ndani yake saa zilizotumiwa, hewa iliyovuja, na pumzi zilizokatika bado. Mtu anaambiwa, «Hesabu yako ni nzuri,» na hesabu ni nzuri kweli, lakini hakuna waya uliofungwa mguuni. Kwa hiyo mtu mwenye hesabu nzuri anayesema bado amechoka asiitwe mvivu wala mwongo.

Baada ya bibi, tuulize saa. Mtu anayelala saa tano ya usiku na kuamka saa kumi kwenda sokoni amelala saa tano tu. Huyu amechoka kwa sababu hakulala, wala hakuna mguu wala koo lenye kosa. Jambo hili ni rahisi mno hata linasahauliwa.

Kisha tuulize anachomeza. Dawa nyingi zinaamsha miguu. Za huzuni nyingi, kama amitriptilini na fluoksetini. Ya kuzuia kutapika, metoklopramidi. Za wagonjwa wa akili, kama haloperidoli. Na hata prometazini, ile ambayo watu wanainunua kwa kujikuna na kwa kutafuta usingizi, inaweza kuzidisha miguu usiku. Lakini angalia sana: usiache dawa ya akili au ya huzuni kwa amri yako mwenyewe. Mwonyeshe mganga vidonge vyote, na vile vya sokoni pia. Pombe na kahawa za jioni nazo zinasumbua wengi. Pombe kwanza inafunga koo, kisha inaharibu usingizi.

Sasa nafika kwenye jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote kwa watu wa kwetu. Ni damu, na zaidi ni chuma.

Ndani ya ubongo kuna kazi inayotumia chuma, na kazi hiyo inasaidia kutuliza miguu. Chuma kikipungua, miguu inakosa utulivu. Mwili una ghala ya chuma. Mtu anaweza kuwa na damu nyekundu ya kutosha, mboni na midomo haikupauka, na hata hivi ghala yake inakaribia kuwa tupu. Kwa sababu hiyo kupima wingi wa damu peke yake hakutoshi. Kuna kipimo kinachoitwa feritini, kinachoonyesha ghala. Kwa mambo mengine waganga wanaridhika na hesabu ndogo, lakini kwa miguu ya usiku wanataka ghala ijae zaidi: mtu mzima mwenye miguu isiyotulia, feritini yake ikiwa 75 au chini, wanashauri apewe chuma. Lakini homa na uvimbe ndani ya mwili vinapandisha hesabu ya feritini kwa uwongo. Mtu akipimwa siku ya malaria, karatasi itasema ghala imejaa, kumbe si kweli. Apimwe homa ikiisha kupita.

Na ni nani kwetu mwenye chuma kidogo? Mama aliyezaa watoto sita kwa kufuatana. Mama mwenye mimba. Wengi wao miguu yao inawasumbua katika miezi mitatu ya mwisho, nao wanafikiri ni lazima iwe hivi. Mwanamke anayetoka damu nyingi kila mwezi. Mtu anayekwenda bila viatu mahali penye choo kibaya, akapata minyoo ya safura inayonyonya damu tumboni. Mzee mwenye kidonda cha tumbo kinachovuja polepole. Mwenye figo zilizochoka. Na mtu anayekula bugali na chumvi tu siku baada ya siku. Kwa watu hawa, dawa ya mateke inaweza kuwa dawa ya minyoo, vidonge vya chuma, sambaza, maharagi, sombe na lengalenga katika sahani, na machungwa baada ya chakula ili chuma kiingie vizuri. Chai kali isinywewe pamoja na vidonge, maana inazuia chuma. Mavi yakiwa meusi usiogope. Ndivyo vidonge vinavyofanya. Mtu anahitaji miezi, si siku, mpaka ghala ijae.

Lakini chuma si pipi. Mtoto mdogo akimeza vidonge vya mama yake vingi anaweza kufa. Viwekwe juu, mbali na mkono wake. Na mtu mwenye ugonjwa wa siklemi, ule wa damu ya kuzaliwa nayo, asipewe chuma kabla ya kupimwa. Damu aliyoongezewa mara nyingi hospitali imekwisha kumjaza chuma kupita kiasi. Nasema hivi kwa sababu watoto wenye siklemi huugua koo linalofunga usiku, nao huonekana pia na miguu inayoruka, na mama mwenye huruma anaweza kukimbilia vidonge.

Kuna mtu ambaye taabu yake haingojei usingizi. Jioni akikaa, anasikia ndani ya miguu kitu kinachotambaa, au kuvuta, au kuwasha ndani ya mfupa, mpaka lazima asimame atembee. Akitembea inatulia, akilala inarudi. Mswedi mmoja, Karl-Axel Ekbom, aliandika kitabu juu yake katika mwaka 1945. Wengi wa watu hawa miguu yao inaruka pia wakilala. Kama ni wewe, sema, maana mtu huyu ndiye anayestahili kutafutiwa dawa mapema, na ndiye anayesaidiwa zaidi na chuma. Usingoje mpaka uulizwe. Na usikubali kuambiwa kwamba ni uzee.

Nina neno jingine linalohusu Kongo yetu hasa. Ukisema mbele ya watu «ugonjwa wa usingizi», wanawaza malale, ule unaoletwa na mbung'o. Wana haki. Sehemu kubwa ya wagonjwa wa malale walio duniani wako katika nchi yetu. Hesabu imeshuka sana. Tangu mwaka 2018 haikufika wagonjwa 1,000 kwa mwaka katika dunia yote. Lakini malale isipotibiwa inaua, nayo inamfanya mtu asinzie mchana na kukaa macho usiku. Basi mtu anayetoka penye mbung'o, mwenye homa inayokuja na kuondoka, vivimbe vya shingoni nyuma, kichwa kinachouma, tabia iliyobadilika, asipewe maelezo ya koo na miguu kabla damu yake haijapimwa. Dawa iko. Tangu 2018 kuna feksinidazoli, vidonge vya siku 10, ambavyo wagonjwa wengi wanaweza kumeza bila ile taabu ya sindano za zamani. Mtu anaweza pia kuwa na mambo mawili pamoja. Mkoromo haumkingi mtu na mbung'o.

Kwa shofere na motari nasema kwa ukali kidogo. Kama umepewa mashini, na bado macho yanafunga barabarani, simamisha gari leo. Usingoje tujue kama ni koo, au mguu, au chuma. Abiria walio nyuma yako hawakupimwa usingizi wako kabla ya kupanda.

Na kwa wasio na mashini: lala ubavu, si chali. Wengine wanashona kitu kigumu mgongoni mwa nguo ya kulalia ili wasigeuke. Punguza mwili kama ni mnene. Acha pombe ya usiku. Mtoto anayekoroma kila usiku apelekwe kutazamwa koo, maana mara nyingi ni vifundo vikubwa vya koo vinavyoweza kuondolewa. Mtoto wa namna hii mara nyingine hasinzii shuleni. Anakuwa mkorofi, hakai chini, na mwalimu anampiga bure. Umeme ukikatika usiku, mwenye mashini naye afanye kama hawa, kisha avae tena umeme ukirudi.

Bibi na bwana wanaochoka na mateke wasione haya kulala vitanda viwili, au mikeka miwili, mpaka majibu ya damu yarudi. Si kuvunja ndoa.

Siku ya kuja hospitali, mje wawili. Leteni vidonge vyote vilivyo nyumbani, hata vile vilivyobaki nusu. Na kama mna mashini, msiiache nyumbani: ileteni ndani ya kikapu pamoja na mfereji wake, kamba zake na kifuniko cha pua, kama vilivyo, bila kuvinunulia vipya kwanza. Mganga ataangalia saa zilizoandikwa ndani, kisha atamvika mgonjwa kifuniko akiwa amelala kitandani, na kuweka mkono pembeni mwa pua asikie kama hewa inavuja.